Tulivyokwenda Marseille Kumpa Asya Radhi

Tangu nirudi, kila nikenda Soko la Jumatano hapa Ibra, Oman, wanawake wenzangu wananizunguka kuniuliza habari za bahari ya Ulaya. Ati rangi yake vipi, ati kweli mna bwawa la kuogelea juu ya meli ambayo yenyewe iko juu ya maji? Nawajibu kidogo kidogo, nikishanunua hina yangu nakwenda zangu. Leo nitaihadithia yote toka mwanzo. Bwawa lipo, na maji yake ya moto, lakini miye sikufuata bwawa. Nilimfuata dada yangu Asya.

Sisi tulizaliwa watatu, Malindi, mjini Unguja: Kaka Seif, kisha Asya, kisha miye Zeyana, kitinda mimba. Baba alikufa mapema, Kaka akakaa mahali pake. Miaka michache baada ya Mapinduzi Asya akaposwa na kijana wa Kingazija, mwalimu wa chuo, mtu mpole, hana la kulaumiwa. Kaka akakataa. Akasema si kufu yetu, hatulingani kwa ukoo. Loh! Nyumba tumenyang'anywa, mashamba tumenyang'anywa, tunakula muhogo mkavu asubuhi na jioni, lakini kufu tunayo! Asya akaozeshwa na kadhi. Kaka akafunga madirisha ya barabarani kama nyumba iliyofiwa, kisha akatuhamisha, miye na mama, tukenda Dar es Salaam, na kutoka huko tukaja Oman pale ilipoita watu wake warudi. Jina la Asya halikutajwa tena. Mama amekufa hapa Ibra, hakuthubutu kulitaja mbele ya mwanawe.

Asya na mumewe walikwenda Ngazija, na baadaye Marseille, mji wa bandari wa Ufaransa ambako Wangazija wamejaa tele. Nambari yake ya simu nilipewa arusini Maskati na mama mmoja aliyepata kumtembelea. Tangu hapo nikawa nanunua kadi za simu na kuzungumza naye Kaka akiwa kazini, maana miye mjane, nakaa kwa Kaka, naye mkewe amekufa. Siku moja Asya akaniambia, "Zeyana, mume wangu amefariki, na mwaka huu nimejaaliwa Hijja. Siwezi kwenda Maka na Kaka ana kinyongo na miye. Nataka nimtake radhi kwa mdomo wangu, naye anijibu kwa mdomo wake. Ya simu siitaki."

Ibra, mwaka ule Kaka alipostaafu wizarani, mtoto wake Salim alikuja na zawadi. Salim anafanya kazi Maskati kwenye mafuta, mkono wake mwepesi. Akamwekea baba yake kijitabu cha picha mapajani: meli kubwa nyeupe, watu wamevaa miwani ya jua. "Baba, umetumika miaka yote hii. Kapumzike. Nenda na shangazi." Kaka akakirudisha, Salim akakiweka tena. Miye nikakichukua nikatazama bandari za meli hiyo. Mojawapo ilikuwa Marseille.

Nilimwacha anywe kahawa yake kwanza. Kisha nikasema, "Kaka, meli hii inapita Marseille."

"Nimeona."

"Asya yuko huko. Anataka kwenda Hijja. Anataka radhi yako."

Akazungusha kikombe. Nikangoja matusi. Badala yake akasema, polepole, kwa sauti yake ya wizarani, "Mtu anayetaka radhi kwa ajili ya Hijja hakataliwi. Nitakwenda mpaka nyumbani kwake."

Nikenda jikoni nikalia, nikarudi na uso nimeunawa. Nikampigia Asya kesho yake. Nikampa habari, na siku ya meli kufika.

Siku ya kuondoka, Salim alikuja na gari alfajiri kutuchukua. Kaka mwenyewe, kwa miguu yake, alikuwa ameshakwenda sokoni kununua halwa ya zafarani. "Ya Asya," akasema, akaiweka mapajani njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Nilimtazama ubavuni nikasema, alhamdulillah, mawe nayo yanalainika.

Genoa, mji wa Italia tulikopandia meli, sina la kuueleza. Mvua, ngazi, na foleni ndefu ya watu wanaoburura masanduku. Pasi zetu wakazichukua wakatupa kadi, wakatwambia kadi hiyo ndiyo mlango, ndiyo chakula, ndiyo kila kitu. Chumba chetu kilikuwa na dirisha la duara lisilofunguka. Meli yenyewe mji mzima: maduka, lifti za vioo, ukumbi wa kuchezea kamari ambao Kaka alikuwa akiupita huku amegeuza uso ukutani. Kula ni masaa yote. Watu wanakula kama wameambiwa njaa inakuja. Sisi tulikula samaki na mayai, kwani kila nyama niliyoiuliza yule mhudumu alinichekea bila ya kunijibu.

Tulipokuwa baharini, kazi ilikuwa kibla. Kaka alikwenda mapokezi kuuliza meli inaelekea wapi, akaja akatandika mswala, na kabla hajatoa salamu meli ishageuka. Akarudi kuwauliza tena. Siku ya pili wale vijana wa mapokezi walikuwa wakimwona tu wanamwonyesha kwa kidole: huku, mzee, huku.

Na alipendwa, bibi wee! Alikuwa akivaa dishdasha, kanzu ya Kiomani, na kilemba kila siku, na watu wanamwomba kupiga naye picha. Alikubali wote. Mezani tulikaa na mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe, na Kaka akawaeleza namna falaj zetu, mifereji ya kale, zinavyoleta maji mashambani, kwa uma, visu na glasi, nani zamu yake, nani anangoja. Akacheka nao mpaka machozi. Nyumbani Ibra sikumbuki lini alinichekea miye hivyo. Nilikuwa nakata samaki wangu huku nikifikiri: huyu akiweza kumpa uso Mwingereza asiyemjua, hashindwi kumpa dada wa tumbo moja naye.

Marseille tulifika asubuhi, jua kali lisilo na joto. Bandari pana, makreni, harufu ya mafuta, na mbali juu ya kilima kanisa lenye sanamu ya dhahabu inayowaka. Wenzetu walipangwa mistari kuingizwa mabasini. Wanapelekwa kuonyeshwa bandari ya zamani na kununua sabuni, maana mji huo umetajika kwa sabuni. Kaka alisimama akayatazama mabasi yale. Nikamshika mkono wa kanzu. "Huku, Kaka."

Langoni alikuwa akitungojea Faiza, binti wa Asya, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti na kitambaa cha kichwa. Hakuhitaji kuuliza, mzee wa kilemba alikuwa mmoja tu. Akainama. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," Kaka akamjibu, na akampa mkono.

"Mama yangu usiku kalala hapana," akasema Faiza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kingazija. "Anapika tu, anapika tu."

Njiani tulipita mitaa ya majumba marefu ya saruji, nguo zimeanikwa madirishani mpaka juu. Nikawaona wanawake wamejitanda shiromani nyekundu, zile shuka za Kingazija, nyuso zimepakwa liwa ya sandali, wamebeba mihogo mikononi. Nikataka kushuka niwakumbatie, wallahi. Kaka alikuwa ameishika halwa yake mapajani.

Kwa Asya ni ghorofa ya sita, na lifti mbovu. Kaka ana sukari na goti lake la kulia halina kazi. Alipanda mkono ukutani, akipumzika kila kituo, jasho linamtoka chini ya kilemba. Nilikuwa nyuma yake nikisema moyoni, mtu asiyetaka hazipandi ngazi hizi.

Mlangoni alisimama bibi mwembamba amejifunga leso. Nilimwacha dada yangu nywele zamfika kiunoni, amenawiri. Sikumjua mpaka alipofungua mdomo. Hakunitazama miye. Akapiga goti mbele ya Kaka pale pale kizingitini, akaushika mkono wake akaubusu. "Shikamoo, Kaka."

"Marahaba, Asya."

Amelitaja! Miaka yote ile, akalitaja jina lake kama vile jana alikuwa akimtuma dukani. Tukalia sote, hata Faiza. Kaka akasema, "Haya, haya, nipeni pahala nikae," na akamkabidhi ile halwa.

Chakula alichopika Asya sikukila tangu kwa mama. Wali wa nazi, pweza, mchuzi wa papa, mkate wa kumimina. Kaka alikula mpaka akafungua kifungo cha shingo.

"Nazi unapata wapi huku?" akamuuliza.

"Zinakuja kwa meli kama nyinyi, Kaka."

Akacheka! Akaomba aongezwe pweza. Asya akanitupia jicho juu ya sinia, na miye nikamwashiria kwa nyusi: bado, mwache ale, radhi haiombwi mtu ana tonge kinywani. Wakati tulikuwa nao. Meli ilikuwa haiondoki mpaka saa kumi na moja, na adhuhuri ndiyo kwanza imeingia.

Baada ya kunawa mikono Kaka akasema yeye, kwa kuwa msafiri, atasali melini adhuhuri na alasiri pamoja. Miye nikaingia chumbani kwa Asya nisali, mlango nikauacha wazi. Nilikuwa nimeshafunga swala niliposikia harufu ya udi.

Hapa lazima nieleze, kwa wale watoto wetu waliozaliwa huku wasiojua za Unguja. Kwetu, mtu wa nyumbani akirudi safari hufukizwa. Mama alikuwa akikishika chetezo mwenyewe, moto ndani, udi juu, anakipitisha chini ya kanzu ya mtu, kisha kifuani, ndipo ajue kuwa amefika na anapendwa. Oman kinyume chake. Oman udi huja mwisho, baada ya chakula na kahawa, na ukishapitishwa hakuna kukaa tena. Wageni wanainuka, wanavaa viatu vyao. Hata mtoto wa Ibra anajua. Lakini Asya hajapata kuishi Oman hata siku moja. Angejulia wapi?

Nilimsikia anasema, kwa furaha, "Simama kidogo Kaka, nikufukize."

Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha sauti ya Kaka, ile ya wizarani. "Tumefahamu. Allah akukirimu kwa chakula. Ruhusa yetu."

"Ruhusa ya nini? Kahawa bado! Kaka, nina neno nataka kukwambia..."

"Udi umeshaletwa. Khalas."

Na miye nimo katika swala! Sikujua nimesoma nini. Nikasujudu, nikainuka, nikaketi, nikasikia mlango wa nje unafunguliwa. Nilipotoa salamu na kutoka mbio, Asya alikuwa amesimama katikati ya chumba, chetezo mkononi, moshi unampanda usoni.

"Nimefanya nini?" akaniuliza. "Zeyana, nimefanya nini?"

Nikamweleza kwa maneno mawili. Akaweka mkono mdomoni. "Yarabi! Sikujua! Mkimbilie, mwambie sikujua, mwambie namfukiza kama mama, mlangoni kilio kilinisahaulisha!"

Nikashuka ghorofa sita na nguo zangu za swala. Nikamkuta Kaka uwanjani kando ya gari la Faiza, anajifuta jasho. Nikamwambia yote, pale pale, mbele ya watoto wanaocheza mpira. Nikamwambia Asya hajui ada za Oman, ule udi wa kukaribishia, na dakika moja tu, Kaka, neno moja tu, panda ukamwambie nimekuwia radhi.

"Meli haingoji," akasema.

"Meli ni saa kumi na moja!"

"Goti langu haliwezi tena ngazi zile."

"Basi nitamwita ashuke yeye!"

Akafungua mlango wa gari, akakaa, akaufunga. Faiza alikuwa ameshashuka na funguo, akanitazama, kisha akaingia nyuma ya usukani. Pasi yangu iko melini, Kifaransa sijui. Nikapanda. Nilipogeuka kutazama juu, sikulitambua dirisha la Asya. Yote yalikuwa yamefanana.

Melini, alasiri, wakati kamba zinafunguliwa, tulikaa juu kwenye viti vya kulalia. Yule mzee wa Kiingereza akapita na mfuko wake wa sabuni, akamuuliza Kaka habari za mji. Kaka akamjibu, anatabasamu, kuwa amekwenda kumtembelea dada yake, na kwamba chakula kilikuwa kizuri kweli kweli. Nikasubiri mzee yule aende zake.

"Kaka," nikasema, "umekaa Oman mpaka umesahau. Umesahau kwenu. Umesahau mama alivyokuwa akitufukiza. Nitampigia simu Asya nimwambie ulisahau, naye atafahamu, na wewe utazungumza naye. Hata ya simu sasa ataikubali."

Alikuwa akitazama makreni. "Sikusahau," akasema.

"Hukusahau nini?"

"Mama alinifukiza niliporudi Misri masomoni. Mlangoni. Nakumbuka mpaka leo ile harufu. Nilipomwona Asya anakuja na chetezo nilijua anachofanya."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi umeondoka kwa nini?"

Akasema, bila ya kunitazama, "Ningekaa angeniomba. Angeniomba ningempa. Na nikimpa, Zeyana, ile miaka yote ilikuwa ya nini?"

Wallahi nilitaka kumpiga. Miye, niliyempikia, niliyemfulia, nisiyempandishia sauti tangu nizaliwe. Nikainuka, nikaenda chumbani, na katika bandari zote zilizobaki sikutia mguu nchi kavu. Napoli sikuiona. Tunis, mji wa Waislamu, sikuuona. Msiniulize.

Ibra, tuliporudi, watu walikuja kutusalimia, na Kaka akasimulia barazani kwa wanaume. Akasimulia meli, akasimulia kibla, na alipofika Marseille akasema: dada yetu alitupa chakula, na kabla hatujanywa kahawa akatuletea udi. Wazee wakatikisa vichwa. Lahaula! Habari zikaingia kwa wanawake hazijapoa. Jirani yangu mmoja akaja kunipa pole. "Maskini Bi Zeyana, mmekwenda mpaka Ulaya ndugu yenu akakufukuzeni."

"Hakutufukuza," nikamwambia. "Alitaka kumfukiza kaka yake, na kaka yake akakimbia. Kawaambieni na hayo waume zenu." Nadhani aliwaambia, maana tangu siku ile Kaka hakuisimulia tena Marseille.

Wiki zile zote Asya akipiga simu nilikuwa nikimdanganya. Mara Kaka amelala, mara yuko shamba. Alikuwa akiniuliza neno lile lile: "Umemwambia sikujua?" Nasema nimemwambia. "Ah, mjinga miye! Kama ningeuacha ule udi! Kwa mkono wangu nimeiharibu Hijja yangu." Ilipokaribia siku yake ya kuondoka, sikuweza tena kuyasikia hayo. Nikamwambia ukweli.

"Alijua?" akauliza.

"Alijua."

"Na kama ningewahi kumuomba?"

"Angekupa. Ndiyo maana akaondoka."

Nikamsikia anacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka kulia. "Kumbe si udi," akasema. "Kumbe hakuna nilichoharibu." Akaniambia imamu wao ameshamfahamisha: mtu ukimwendea kumtaka radhi naye akakupa mgongo, wewe huna tena lililobaki juu yako. "Nilikuwa sikumsikiliza kwa sababu nilidhani kosa langu. Sasa nakwenda, mdogo wangu. Na Kaka mwambie simuombi tena."

Nilichojifunza katika safari hiyo si kizuri, na siwaandikii kuwapambia. Nilidhani ndugu wanatenganishwa na bahari. Nikavuka bahari, nikawaweka sinia moja, wakala pweza mmoja, na bado mmoja wao alikuwa hakufika. Sitambeba mtu mzima tena kumpeleka asikotaka kufika. Kwa Asya nitarudi peke yangu, na ndege.

Siku Asya aliyoondoka kwenda Maka, nilimpelekea Kaka kahawa yake kama kawaida. Nikamwambia, "Asya amesafiri leo. Amesema nikwambie hakuombi tena."

Akakiweka kikombe chini. Nilidhani atashukuru, mzigo umemtoka. Lakini alinitazama kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Hata akirudi Hijja? Hataniomba hata kidogo?"

"Hata kidogo," nikamwambia, nikachukua sinia yangu nikatoka.